Mwenye mtaji wa meno bandia Sumbawanga aanze na mkono wa fundi

Na Mwandishi Wetu

WAKATI wafanyabiashara wengi wa Sumbawanga wameelekeza macho yao kwenye mahindi, maharage na ulezi, ipo biashara moja ya kitaalamu ambayo haizungumzwi sana katika kurasa za masoko, nayo ni karakana ya meno bandia. Kwa mwenye akiba ya msimu anayetafuta pa kuiweka nje ya gunia, biashara hii ina mvuto wake. Wazee wanataka kutafuna, vijana walioanguka na pikipiki wanataka kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, na madaktari wa meno wa nchi hii kwa sehemu kubwa wako mijini, Dar es Salaam ikiongoza. Kila kazi inayotoka Sumbawanga kwenda kutengenezwa Mbeya inasafiri zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, na kama haikumkaa mgonjwa inarudi njia ile ile.

Mwekezaji mdogo anapofikiria karakana ya namna hii, jambo la kwanza analouliza ni bei ya mashine. Kwa maoni ya ukurasa huu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani atakayechonga nta, na ana cheti gani mkononi. Sababu zake ni za hesabu tupu, na tutazieleza.

Hatua ambayo kosa lake halina gharama

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia katika karakana hizi, kazi huenda hivi. Daktari wa meno huchukua chapa ya kinywa cha mgonjwa, na chapa hiyo humiminiwa plasta ili ipatikane sanamu ya taya. Juu ya sanamu hiyo fundi hutandaza nta ya waridi, huzifunga taya mbili katika atikuleta, chombo cha chuma kinachoigiza jinsi mtu anavyouma, kisha hupanga meno ya dukani moja moja. Mgonjwa hujaribishwa meno hayo yakiwa bado yamesimama kwenye nta. Daktari akiridhika, fundi hurudi mezani na kujenga fizi kwa nta ile ile, akiongeza hapa na kukwangua pale mpaka zifanane na fizi za mtu aliye hai. Hapo ndipo kazi yote huzikwa ndani ya plasta katika kopo la chuma liitwalo flaski, nta huyeyushwa na kuondolewa kwa maji ya moto, na nafasi iliyoachwa hujazwa akriliki, ambayo hupikwa ikawa ngumu.

Msomaji aangalie hapo. Chochote kilichokuwa nta kitakuwa akriliki. Kama nta ilikuwa nyembamba kwenye kaakaa, akriliki itakuwa nyembamba na itapasuka mgonjwa atakapouma muhindi wa kuchoma. Kama nta ilikuwa nene, fundi atakesha akisaga akriliki kwa mota, akimaliza vichwa vya kusagia na kuvuta vumbi lake. Jino likisogea milimita moja kwenye nta, litasogea milimita moja mdomoni. Kosa likionekana kwenye nta hurekebishwa kwa kisu na moto wa spiriti katika muda wa nusu saa. Likionekana baada ya akriliki, mara nyingi kazi yote hurudiwa na seti ya meno hupotea.

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kuiangalia hatua kama hii kwa jicho la gharama. Tuchukue mfano wa daftarini, ambao si bei ya soko. Tuseme seti moja ya meno inauzwa kwa vipande 10 vya fedha. Vipande 4 vinakwenda kwenye meno, akriliki na plasta, 3 kwa fundi, 1 kwa pango na umeme, na 2 vinabaki kuwa faida. Karakana ikitoa seti 20, faida ni vipande 40. Sasa seti 3 zikirudi na kutengenezwa upya bure, kila moja inakula vipande 8, jumla 24, na faida inashuka hadi 16. Zikirudi 5, faida imekwisha yote. Yaani kwa mfano huu, seti moja katika kila nne ikirudi, mwenye karakana amefanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya kumpendeza mwenye nyumba.

Hakuna mashine inayookoa hesabu hiyo. Inaokolewa na fundi anayejua kuona kosa likiwa bado laini.

Cheti kinapima nini

Wapo watu wanaodhani cheti ni karatasi ya ukutani. Katika fani hii si hivyo, kwa sababu mtihani wa vitendo hugusa sehemu ile ile inayokula faida. Nchini Marekani, fundi anayetaka cheti kiitwacho CDT hutahiniwa kwa nadharia na kwa vitendo, na meno bandia kamili ni mojawapo ya matawi anayoweza kuchagua. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2008, fundi wa meno asiyesajiliwa na baraza lao la meno haruhusiwi kufanya kazi hiyo kwa jina hilo. Jirani zetu wa Kenya wanatoa diploma ya teknolojia ya meno katika chuo cha KMTC. Hapa kwetu vyuo vya kati vya afya viko chini ya NACTVET, iliyokuwa ikiitwa NACTE, na kada za tiba na meno zinasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria namba 11 ya mwaka 2017.

Mwekezaji asisahau pia kwamba biashara yenyewe ya tiba binafsi ni kitu cha juzi juzi. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali na zahanati za watu binafsi za kutafuta faida, na mlango ulifunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991. Mlango uliofunguliwa kwa sheria unalindwa kwa sheria. Karakana ya mtu asiye na cheti, inayompokea mgonjwa moja kwa moja kutoka mtaani na kumbandika meno bila daktari kuona kinywa, inaweza kufungwa siku yoyote, na fedha ya mwekezaji ikafungiwa humo humo. Fundi wa meno hufanya kazi kwa maelekezo ya daktari wa meno. Nani atakuwa anampa kazi ni jambo la kuandikiana kabla ya kununua hata meza.

Mkono unavyofundishwa

Turudi kwenye nta, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huangushwa na ndipo mwekezaji anaweza kusaidia kwa fedha kidogo sana.

Kosa la kwanza la anayejifunza ni woga wa kuweka nta ya kutosha. Nta inatakiwa iwekwe kwa ukarimu, ipande hadi juu ya shingo za meno, kwa sababu kisu huondoa na kung'arisha huondoa tena. Kisha kisu hulazwa kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, na kuzunguka shingo ya kila jino ili fizi itoke na ukingo wenye umbo. Anayesimamisha kisu wima hupata mfereji ambamo wali utajificha kila siku.

La pili ni kusahau kwamba fizi ina mizizi chini yake. Ukipitisha kidole juu ya fizi yako ya juu utasikia tuta refu kwenye jino la chonge. Jino lililo kati ya chonge na meno mawili ya katikati lina tuta fupi zaidi. Fundi anayechonga ukuta mmoja ulionyooka toka gego hadi gego ametengeneza meno yanayoonekana ni ya bandia hata kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa basi. Sehemu za katikati ya jino na jino zijae kidogo, zisiwe shimo, ili chakula kiteleze. Upande wa ndani wa taya ya chini upewe nafasi ya ulimi, la sivyo mgonjwa akitamka neno meno yanapanda. Kaakaa libaki na unene wa milimita 2 hadi 2.5. Wapo wanaoliacha nene kwa kuogopa kuvunjika, na mgonjwa akaongea kama mwenye pipi mdomoni.

Moto wa spiriti unakuja mwisho. Wanafunzi huupenda mno, kwa sababu ukipita haraka juu ya nta unaacha mng'ao unaofurahisha macho. Lakini moto haurekebishi umbo, na ukikaa mahali pamoja kwa kitambo unalegeza meno yaliyokwisha kupangwa. Mwalimu makini humkatalia mwanafunzi taa ya spiriti mpaka umbo limekubalika.

Namna ya kujipima ni rahisi na haina gharama kubwa. Mwanafunzi huchonga upande wa kulia, huweka saa, huacha, kisha huchonga wa kushoto na kulinganisha. Akimaliza hukwangua nta yote, huiyeyusha na kuanza upya juu ya sanamu ile ile na kwa meno yale yale. Nta iliyoyeyushwa mara nyingi haifai kwa kazi ya mgonjwa, ila kwa mazoezi inatosha sana. Hakuna fani nyingine ya afya ninayoijua ambayo malighafi ya kujifunzia inaweza kutumika tena na tena namna hiyo. Kwa mwenye mtaji, kumpa kijana sanamu chache, seti mbili za meno na mabamba ya nta kwa miezi kadhaa kabla ya mtihani ni gharama ndogo kuliko kurudia kazi za wagonjwa.

Jambo moja zaidi, ambalo halionekani kwa macho. Nta ikiisha kuyeyushwa, flaski lazima isafishwe kwa maji mengine safi yanayochemka, yenye sabuni. Utando mdogo tu wa nta ukibaki kwenye shina la jino, akriliki haitashika, na jino litadondoka wiki chache baadaye kwenye sahani. Mgonjwa hatajua habari za utando. Atakachojua ni kwamba meno ya karakana ile yanadondoka, na atalisema sokoni.

Baridi ya Ufipa na joto la bondeni

Vitabu vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, na Sumbawanga ina mambo yake. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi. Kutoka mjini hadi bondeni ni mteremko wa kilomita moja nzima kwenda chini, na joto linabadilika kabisa.

Nta za fani hii hutengenezwa kwa aina tatu, laini, ya kati na ngumu. Tofauti yake hupimwa kwa jinsi zinavyolegea zikikandamizwa: kwenye nyuzi 37 za sentigredi, ambazo ni joto la mwili, viwango vinaruhusu nta ya kati ilegee hadi asilimia 10, na ile ngumu asilimia 1.2 tu. Ngumu ilikusudiwa kwa nchi za joto. Sasa fundi wa Sumbawanga, asubuhi ya mwezi Juni au Julai, hupata nta ngumu inapasuka chini ya kisu kama sabuni kavu, akashawishika kununua ile ya kati. Mezani itamfaa. Lakini kazi hiyo ikipakiwa kwenye gari la kwenda kujaribishwa katika kituo cha bondeni, ikakaa juu ya dashibodi, itafika meno yamehama. Afadhali kununua ngumu na kuilainisha kwa maji ya vuguvugu wakati wa kuchonga, na kazi isafiri ikiwa juu ya sanamu yake, ndani ya chombo chenye maji baridi.

Hata bila safari, nta haikai kimya. Iliyokunjwa na kuchomwa huwa inataka kurudi ilikotoka, taratibu, na joto la mchana likipanda baada ya usiku wa baridi inajongea. Kwa hiyo kazi iliyokamilika haiachwi mezani kungoja Jumatatu. Huingizwa kwenye flaski siku hiyo hiyo.

Kupika nako kuna hesabu ya mwinuko. Kwenye mita 1,800 maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Mtu anayefuata maelekezo ya kiwandani ya kumalizia akriliki kwa maji yanayochemka atajidanganya kwamba amefika. Njia ya polepole, yaani nyuzi 74 kwa saa 8 au 9, inafaa zaidi huku juu, na flaski iachwe ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji. Inahitaji kipima joto na subira ya usiku mzima.

Kuhusu mashine za kompyuta zinazochapa meno bandia, ambazo Ulaya na Marekani zinaenea, mwekezaji asidharau wala asikimbilie. Anayeongoza programu ile bado ni lazima ajue fizi inakaaje, na anayejua ni yule aliyeichonga kwa mkono. Halafu kuna suala la umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa ikipata umeme kutoka Zambia, na kila mwenye mashine ya kusaga mjini hapa anazo kumbukumbu zake. Kisu cha nta na taa ya spiriti havina mita ya TANESCO.

Nta yetu yaenda wapi

Hapa msomaji wa masoko atauliza jambo la haki kabisa. Tanzania inauza nta ya nyuki nchi za nje tangu enzi za Mjerumani, na misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, ikiwemo Inyonga katika Wilaya ya Mlele, ni maarufu kwa mizinga. Mbona fundi wa meno ananunua mabamba ya nta kutoka nje?

Ukweli ni kwamba bamba la waridi si nta ya nyuki tupu. Asilimia 70 hadi 80 huwa ni parafini au jamii yake, inayotokana na mafuta ya petroli. Nta ya nyuki huwa kama asilimia 12, na kinachobaki ni nta ngumu ya mnazi wa Brazili uitwao kanauba, utomvu na rangi. Kila kimoja kina kazi yake. Nta ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, huleta mnato, na kanauba huongeza ugumu. Anayechukua nta ya moshi kutoka kijijini na kuitandaza kwenye sanamu ya mgonjwa atapata kitu kinachonata kisuni na kinacholegea mdomoni.

Kuchanganya mabamba hapa nchini si jambo lisilowezekana, lakini ni biashara ya kiwanda, yenye vipimo na kibali. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, iliyokuwa TFDA hadi mwaka 2019. Kwa sasa mwenye mtaji mdogo anunue mabamba na akriliki kwa muuzaji aliyesajiliwa, aangalie tarehe kwenye boksi, na aachane na kimiminika cha akriliki kilichohamishiwa kwenye chupa ya soda. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara wa nta wa Mpanda, hapo pana soko la kuulizia ambalo halitaki meli.

Ufipa yenyewe si ngeni kwa kazi ya mkono na moto. Wafipa waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, na chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri ndogo kabla ya kufuliwa jembe. Mabaki ya tanuri hizo bado yapo nyanda za juu.

Fedha ina msimu wake

Mwisho ni suala la mtiririko wa fedha, ambalo mafundi wengi hawalipi uzito. Fedha ya Rukwa hufuata mavuno. Mahindi yakishakauka na wanunuzi kuingia, NFRA ikiwa mmojawapo, ndipo watu wa vijijini hukumbuka mambo waliyoahirisha, na meno ni mojawapo. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwa zinanyesha na fedha imelala shambani, karakana itakuwa na kazi chache.

Anayepanga vizuri hutumia miezi hiyo kumpa fundi mazoezi ya nta na kumpeleka kwenye mitihani, kisha hununua meno na akriliki ya kutosha kufikia Mei. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, imepunguza sana taabu ya mzigo kukwama njiani wakati wa masika. Meno ya dukani huuzwa kwa rangi na ukubwa tofauti, na kosa la kawaida la mwenye karakana mpya ni kununua meupe mno kwa sababu yanapendeza kwenye boksi. Mteja wa miaka 60 akiyavaa, kijiji kizima kitajua. Achukue zaidi rangi za katikati, na kwa kila boksi analonunua amuulize kwanza fundi wake.